Paa Ni la Nani? Historia ya Majengo ya Zamani Yaliyogeuzwa Makazi

Najua nimepotea, karibu wiki tatu sijaandika kitu humu. Msinifikirie vibaya, si kwamba bumu limetoka nikawasahau. Ni asaimenti juu ya asaimenti, na sisi wa ualimu kazi yetu ni mara mbili: ulijue somo lenyewe, halafu ujue na namna ya kulifundisha. Leo nimepata upenyo, umeme upo, ngoja niyatoe yaliyo moyoni.

Wiki hii kwenye semina ya historia liliibuka swali: nani kauharibu Mji Mkongwe wa Zanzibar? Jibu lililokuja haraka ni kwamba walioharibu ni wale waliopewa nyumba baada ya Mapinduzi. Walikabidhiwa majumba ya matajiri wakaingia familia nane, familia kumi, wakapikia mkaa kwenye korido, na leo nyumba zinaanguka. Darasa likacheka, wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma uhandisi na hata semina haimhusu, nilipomsimulia akasema bora zibomolewe zote yajengwe magorofa ya kisasa, mambo yaishe. Mi nilikuwa nimenyoosha mkono kujibu, lakini muda ukaisha, si mnajua tena. Basi jibu langu lote nalileta hapa.

Hoja yangu ni moja tu: jengo la zamani haliuliwi na watu wanaoingia kuishi ndani yake. Linauliwa na paa lisilo na mwenyewe. Twende taratibu.

Kwanza tukubaliane kwamba kuhamia jengo ambalo halikujengwa kwa ajili yako si jambo geni wala si la aibu. Kuna mji unaitwa Split, uko Croatia, pwani ya bahari ya Adriatiki. Mfalme wa Roma aliyeitwa Diocletian alijijengea pale kasri kubwa lenye ukuta kama ngome, na mwaka 305 alipoachia madaraka akaenda kupumzikia huko. Karne ya 7 mji wa jirani, Salona, ulipovamiwa na kuharibiwa, wakimbizi wakaingia ndani ya kuta za kasri lile wakaanza maisha. Waligawa kumbi wakapata vyumba, wakajenga nyumba zikiegemea nguzo za mfalme. Kaburi la Diocletian, mtu aliyewatesa sana Wakristo, likageuzwa kanisa kuu. Watu hawajatoka hadi leo. Ukitembea Split unakuta nguo zimeanikwa juu ya ukuta wa Kirumi, na UNESCO waliuweka mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Kwa hiyo wakimbizi ndio walioliokoa kasri. Kama wasingeingia, mawe yake yangebebwa moja moja kwenda kujengea kwingine, kama ilivyotokea kwa magofu mengi.

Haya, sasa turudi kwetu Unguja. Ili uelewe nyumba imekufaje, lazima kwanza ujue ilivyokuwa inaishi.

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti za mikoko. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama mita tatu hivi, na hilo halikutokana na mapenzi ya fundi. Boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua, maana haifiki mbali zaidi ya hapo. Kichwa cha kila boriti kinaingia ndani ya ukuta, na juu ya boriti hizo inalala sakafu nzito ya mawe na chokaa. Katikati ya nyumba za Waarabu kuna ua wa wazi unaopitisha hewa na mwanga. Nyumba nyingi za Wahindi chini ni duka, juu ndiyo makazi. Sehemu kubwa ya tunachokiona leo ilijengwa karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja, wakati mji ukitajirika kwa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa.

Nyumba kama hiyo inataka kutunzwa kila mwaka. Chokaa inapakwa upya, mifereji ya maji ya mvua inazibuliwa kabla ya masika, boriti iliyooza inabadilishwa kabla haijaivuta na mwenzake. Nani alifanya kazi hiyo? Hapa ndipo watu wanaruka ukurasa. Nyumba kubwa ilitunzwa na watumwa na watumishi, na fedha ya shamba la karafuu. Yaani uzuri ule wa majumba ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa mtu asiyelipwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na familia nyingi zenye mashamba zikazama kwenye madeni, kuna nyumba zilizoanza kuchoka hapo hapo, miaka zaidi ya 60 kabla ya Mapinduzi. Zile zilizowekwa wakfu zilikuwa na nafuu, kwa sababu sehemu ya kodi ilitakiwa irudi kwenye matengenezo.

Na kugawa jengo kubwa kuwa makazi ya wapangaji hakukuanza 1964 hata kidogo. Mfano mzuri uko pale ufukweni, lile jengo la kijani na nyeupe lenye roshani za mbao zilizochongwa, ambalo kila mtalii analipiga picha. Ni ile Zahanati ya Ithnaasheri. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, alianza kulijenga mwaka 1887 ili liwe hospitali ya hisani kwa maskini. Yeye akafariki mwaka 1891 na jengo likakamilika 1894. Mwaka 1900 likanunuliwa na wadhamini wa mali ya tajiri mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Chini ikawa zahanati yenye daktari, ghorofa za juu zikagawanywa kuwa nyumba za kupanga. Umeona? Likawa na wagonjwa chini na wapangaji juu, likasimama miaka 60 na kitu bila shida ya maana. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa na wadhamini. Paa likivuja, yupo mtu wa kumfuata, na yupo mwenye fungu la kununulia bati.

Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Damu ilimwagika, na Waarabu na Wahindi wengi waliobaki hai wakaondoka, wengine ghafla. Serikali ikataifisha ardhi na kuchukua nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Ndani yake wakaingizwa watu wa Ng'ambo, wa mashamba na wa Pemba, watu ambao kwa miaka yote walikuwa wakiuona mji ule kwa nje. Mimi siwezi kuwacheka watu hao. Kama babu yako alibeba mawe ya kujengea nyumba hiyo, kisha mjukuu wake akapewa chumba kimoja ndani, hapo kuna haki fulani imetendeka. Nyumba ya Tippu Tip pale Shangani, mfanyabiashara maarufu wa watumwa na pembe za ndovu aliyefariki 1905, kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi ilikaliwa na familia kadhaa za watu wa kawaida. Kwa mwalimu wa historia, mtaa mzima ni darasa.

Tatizo ni kilichokosekana. Mwenye nyumba aliondolewa, lakini mfuko wake wa matengenezo haukupata mrithi. Kodi ikawa ndogo mno, na mahali pengine hailipwi kabisa. Mwenye nyumba mpya, yaani serikali, macho yake yalikuwa Ng'ambo. Mzee Karume alitaka watu wake waishi kwenye majumba mapya, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yakaanza kusimama yale maghorofa marefu ya Kikwajuni na Michenzani. Ni ndoto halali kabisa. Lakini wakati saruji inamiminwa Michenzani, mifereji ya Mji Mkongwe inaziba.

Sasa niwaeleze nyumba ile inavyokufa, maana mwenzangu wa uhandisi nilipomweleza hili angalau alinyamaza kidogo. Mkaa kwenye korido unachafua ukuta tu, hauangushi nyumba. Nyumba inaangushwa na maji. Familia moja ikigeuka kumi, choo kimoja hakitoshi. Basi juu ghorofani inaongezwa bafu, bomba linapitishwa ukutani, linavuja. Kwenye paa bati moja linatoboka. Maji yanateremka taratibu ndani ya ukuta hadi kwenye kichwa cha boriti, pale ilipoingia kwenye jiwe. Boriti inaanza kuoza mahali ambapo huioni. Kisha anakuja mtu mwenye nia njema anapiga plasta ya saruji ili kuficha ufa. Ndo kabisa! Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji inaufungia unyevu ndani. Nje ukuta unaonekana mpya, ndani boriti inakuwa kama keki. Siku ya mvua kubwa sakafu ya juu inashuka.

Jiulize sasa: kwenye nyumba ya familia kumi, nani apande kuziba bati lile? Anayekaa juu anavujiwa, lakini hana fedha. Anayekaa chini havujiwi, kwa hiyo halimuumi. Ukitengeneza, chumba si chako, kesho unaweza kuambiwa uhame. Hili sisi wa hosteli tunalijua vizuri. Chumba cha watu wawili wanaishi sita, wanne wamebebwa. Koki ikiharibika nani anatengeneza? Kila mtu anasubiri mwenzake, wiki inakwisha mnachota maji kwa ndoo. Sisi si watu wabaya wala si wachafu. Ni kwamba koki ya wote haina mwenyewe.

Mtu asiseme haya ni mambo ya Zanzibar tu. Shuka kusini hadi Beira, Msumbiji. Enzi za Wareno, katikati ya miaka ya 1950, ilifunguliwa hoteli ya fahari kweli kweli, Grande Hotel, yenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la kiwango cha Olimpiki. Wateja matajiri waliotarajiwa hawakuja wa kutosha, na mwaka 1963 hoteli ikafungwa. Uhuru ukaja 1975, halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe, na watu waliokimbia mapigano mashambani wakaingia hotelini. Hawakutoka. Ikawa makazi ya watu zaidi ya 2,000. Mabomba, nyaya na mbao za sakafu zikang'olewa zikauzwa au zikachomwa kuni. Bwawa likawa mahali pa kufulia. Kwenye kuta ikaota miti. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, watu walikuwa bado wanaishi ndani ya jengo lisilo na madirisha. Ukilinganisha na Split, wote walikuwa wakimbizi, wote walikuta jengo kubwa limeachwa. Tofauti ni kwamba wa Split waliufanya mji kuwa wao, wakawarithisha watoto wao, wakawa na sababu ya kutengeneza. Wa Beira hakuna aliyewaambia "hapa ni penu", na hakuna aliyewapa penginepo.

Sasa tuangalie tiba, maana daktari asiishie kutaja ugonjwa.

Zanzibar walistuka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ile zahanati ya Tharia Topan, ambayo baada ya Mapinduzi iliachwa ikachakaa, ilikabidhiwa Aga Khan Trust for Culture mwaka 1990 na ikakarabatiwa kwa ustadi mkubwa. Jengo la zamani la kampuni ya simu pale Shangani likawa hoteli ya Serena mwaka 1997. Serikali nayo ikaanza kuuza baadhi ya nyumba zake kwa watu binafsi ili wazitengeneze. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Fedha za utalii zikaja, na paa likapata mwenyewe.

Lakini paa lilipopata mwenyewe, aliyekuwa anaishi chini yake akaenda wapi? Hapa ndipo mi napata shida. Nyumba ikishatengenezwa vizuri inakuwa na bei, na ikiwa na bei, hoteli inalipa kuliko mama mwenye watoto wanne. Jengo la Mambo Msiige, la katikati ya karne ya 19, lilipita mikono mingi, kuanzia wamisionari hadi ofisi za serikali, na mwaka 2015 likafunguliwa kama hoteli ya Park Hyatt, huku UNESCO wakilalamika kuhusu jengo jipya lililoongezwa pembeni yake. Nyumba inaokolewa, mtaa unabaki na wageni wa siku tatu tatu.

Na hili pia lina historia kwingine. New York kuna eneo linaitwa SoHo, limejaa majengo ya karne ya 19 yenye nguzo na sura za chuma cha kusubu, yaliyokuwa maghala na viwanda vidogo. Katikati ya karne ya 20 viwanda vilianza kuondoka, na moto ulikuwa unazuka mara kwa mara hadi wazimamoto wakalibandika eneo hilo jina la eka mia za jehanamu. Kulikuwa na mpango wa Robert Moses wa kupitisha barabara kuu juu ya eneo lile, uliokufa mwaka 1969 baada ya wananchi kuupinga. Wasanii waliokosa fedha wakaanza kuishi kwenye ghala zile kwa siri, maana kisheria ilikuwa sehemu ya viwanda, si makazi. Wakajitengenezea majiko na vyoo wenyewe. Mwaka 1961 wakakubaliana na jiji kwamba msanii anayeishi humo aweke kibao nje chenye herufi A.I.R., ili moto ukitokea wazimamoto wajue kuna mtu ndani. Mwaka 1967 msanii George Maciunas, mzaliwa wa Lithuania, akaanzisha ushirika wa wasanii wakanunua jengo namba 80 mtaa wa Wooster. Mwaka 1971 jiji likawaruhusu rasmi wasanii kuishi SoHo, 1973 eneo likalindwa kihistoria, na 1982 jimbo likatunga sheria ya kuwalinda wapangaji wa maghala, ikimtaka mwenye jengo alifikishe kiwango cha makazi salama.

Nilipenda sana mfuatano huo: kwanza watu, halafu ushirika, halafu sheria. Hawakufukuzwa wala hawakuachwa kama Beira. Ila mwisho wake nao una funzo. SoHo ilipopendeza, matajiri wakaipenda. Leo ni moja ya sehemu ghali kabisa za New York, na msanii kijana asiye na kitu hapati hata kona. Waliobaki kwa raha ni wale waliokuwa wamenunua mapema au waliolindwa na sheria. Wengine waliliokoa jengo, kisha jengo likawatema.

Kwa hiyo nikirudi kwenye semina yetu, jibu langu kwa lile swali ni kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Ukiuliza "nani kaharibu?" utampata mama wa watu anayepika ghorofani, kwa sababu ndiye anayeonekana. Ukiuliza "paa lilikuwa la nani?" utaipata historia nzima: mtumwa aliyelitengeneza bila malipo, shamba lililofilisika, wakfu uliokosa fungu, serikali iliyogawa vyumba bila kugawa wajibu wala fedha, na mwekezaji aliyeleta fedha akachukua na mtaa.

Nikiulizwa kifanyike nini, nitasema nyumba za familia nyingi zipewe umiliki wa pamoja unaoeleweka, kwa maandishi. Wakaaji wawe na kamati, kodi iwe ya kweli hata kama ni ndogo, na ifungiwe kazi moja: paa, mifereji na mabomba. Fungu la utalii lichangie, maana mtalii haji kuangalia hoteli tu, anakuja kuuona mji unaoishi watu. Na fundi chokaa alipwe vizuri ili asikimbilie saruji. Si mambo makubwa. Bati la leo ni rahisi kuliko ukuta wa kesho, wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na tusijidanganye kwamba tuna muda mwingi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Hilo ni jumba ambalo halikuwa na familia kumi ndani. Lilikuwa makumbusho, na lilikuwa limefungwa kwa miaka. Hakuna mama aliyepika mkaa mle. Waliocheka darasani ningependa walifikirie hilo kidogo.

Mwenzangu wa uhandisi bado anataka kubomoa. Nimemwambia basi akihitimu aje atufundishe namna ya kubadilisha boriti bila kuwahamisha watu, hiyo ndiyo digrii ya maana. Amesema atafikiria... tuone.

Basi wadau nisiwachoshe. Nyie wa Unguja mnaosoma hapa, hasa mliokulia kwenye nyumba hizo, nisahihisheni na mniongezee, maana mmeishi nilichokisoma. Mi nakimbilia mhadhara wa saa nane, na foleni ya chakula bado sijaigusa. Tupo pamoja!